Usikimbilie Ushindi: Mwongozo wa Kugeuza Majaribu na Imani Yako Kuwa Kazi ya Sanaa

Wakristo tuna mtindo wetu wa kusimulia shida. Mtu anasimama mbele ya kanisa, anasema alikuwa mgonjwa, au alifukuzwa kazi, au ndoa ilimshinda. Anasema aliomba. Anasema Bwana akatenda. Watu wanapiga makofi, naye anarudi kuketi. Ushuhuda wa namna hiyo una kazi yake ibadani na sina ugomvi nao. Tatizo huanza pale mtu anapouchukua vilevile ulivyo akataka uwe kitabu, albamu au filamu. "Niliteseka, nikaomba, nikapona" yatosha kwa dakika tano, lakini haibebi kurasa mia mbili, kwa kuwa msomaji ameshaujua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa pili.

Mwongozo huu ni wa mtu aliyepita mahali pagumu, iwe ni msiba, maradhi, talaka, utasa, kifungo, ulevi au madeni, na sasa anataka kutengeneza kitu: wimbo, diwani, mchezo wa kuigiza, kipindi cha kusikiliza, maonyesho ya picha. Hatua nimezipanga kwa mfuatano ninaoona unafaa. Ukiruka moja na kuirudia baadaye, hakuna kitakachoharibika.

1. Pima kama wakati umefika

Kuandika kwa ajili yako mwenyewe unaweza kuanza leo. Kuwapelekea watu ni jambo jingine. John Newton, yule nahodha wa meli za watumwa aliyekuja kuwa mchungaji nchini Uingereza, alinusurika dhoruba baharini mwaka 1748 na tangu siku hiyo akahesabu kuwa amemgeukia Mungu. Wimbo wake maarufu kuhusu neema, "Amazing Grace," aliuandika mwaka 1772, miaka 24 baadaye. Sisemi usubiri muda wote huo. Nasema tu kwamba kazi haiozi kwa kukaa.

Jiulize maswali machache ya kawaida. Je, ukilisimulia jambo hili kwa rafiki mmoja, kesho yake unaweza kuamka na kufanya shughuli zako? Kesi iliyohusika bado iko mahakamani? Yule aliyekuumiza bado anaweza kukufikia? Unaandika ili watu waone kitu, au unaandika ili mtu fulani asome na aumie? Jibu la swali la mwisho hubadilika siku kwa siku, na siku likiwa baya funga daftari ukafanye kitu kingine.

Kama bado hulali, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mradi huu ungoje. Mwone daktari au mshauri nasaha, na umwambie mchungaji wako pia kama unamwamini. Kwenda kwa daktari si kumkosea Mungu imani.

2. Kusanya malighafi kabla ya kupamba chochote

Hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Wanaanza na sura ya kwanza, tena kwa sentensi nzuri, kabla hawajajua wana nini mkononi.

Chukua daftari moja la kazi hii tu. Weka saa, andika bila kunyanyua kalamu, na usisahihishe. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, na mwenzake walichapisha mwaka 1986 utafiti ambamo wanafunzi waliandika kwa dakika 15 kila siku, siku nne mfululizo, wengine kuhusu jambo lililowaumiza sana, wengine kuhusu mambo ya kawaida. Walioandika juu ya tukio pamoja na hisia zao walikuwa na huzuni zaidi mara tu walipomaliza kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo ukiinuka mezani umechoka na macho yamevimba, usidhani umekosea njia. Dakika hizo 15 ni kipimo kizuri. Ukizidisha sana utaanza kuliogopa daftari lenyewe.

Andika vitu, usiandike maelezo. Badala ya "nilikuwa na huzuni kuu," andika kiatu kilichobaki mlangoni, rangi ya ukuta wa wodi, maneno ambayo nesi aliyasema, wimbo uliokuwa ukipigwa kwenye gari ulipopokea simu. Kisha tafuta ushahidi nje ya kumbukumbu yako: kadi za kliniki, jumbe za simu, sauti zilizorekodiwa, barua, picha, pembezoni mwa Biblia yako palipo na tarehe na mistari iliyopigiwa kalamu. Kumbukumbu hupenda kunyoosha mambo. Karatasi huyaacha yalivyopinda.

Na upande wa imani nao ukusanye kwa ukali uleule. Uliomba maneno gani hasa, si yale ambayo ungepaswa kuomba? Mstari gani ulikukera kila mtu alipokutumia? Nani alikuja akakaa kimya, na nani alikuja na ushauri? Ni Jumapili ipi uliyokwenda kanisani ukasimama wakati wa sifa bila kufungua mdomo? Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku pasipo kusema neno, na hapo walifanya vizuri. Walipoanza kueleza ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu anasema kwamba aliyenena yaliyo sawa ni Ayubu, yule aliyekuwa akilalamika. Kama unaogopa kuandika malalamiko yako, anza kwa kusoma pale.

3. Tafuta swali. Funzo liache

Ukishajaza kurasa za kutosha, utajikuta unataka kusema "nilichojifunza ni kwamba..." Zuia. Funzo hufunga mlango, na ukiufunga mapema msomaji hana pa kuingilia. Tafuta swali ambalo hata leo halijakutoka.

Chukua mfano wa mama aliyefiwa na mtoto baada ya kanisa zima kufunga na kuomba. Funzo lake laweza kuwa "Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Ni kweli, na ni Maandiko, ila kila mtu ameshalisikia makaburini. Swali lake ni gumu zaidi: "Ninamwombaje tena yule niliyemwomba akanyamaza?" Hilo linaweza kubeba mchezo wa kuigiza mzima. Au chukua mwanamume aliyeacha pombe. Funzo: "Yesu aliniweka huru." Swali: "Kama niliwekwa huru, mbona kila jioni bado nina kiu?"

Liandike swali lako kwa sentensi moja, libandike juu ya meza. Ukurasa usiogusana na swali hilo, hata uwe mzuri kiasi gani, ni wa kazi nyingine.

Msidhani nawafundisha uasi. Zaburi ya 13 ina aya sita tu, na katika aya mbili za kwanza mwimbaji anauliza "hata lini" mara nne. Maswali hayo yaliwekwa ndani ya kitabu cha sifa, yakaimbwa na watu wanaoabudu.

4. Chagua umbo litakalobeba uzito

Huzuni haina mwanzo wala mwisho, ndiyo maana inahitaji umbo. Waandishi wa Biblia walilijua hili kuliko tunavyowapa sifa. Kitabu cha Maombolezo kiliandikwa baada ya Yerusalemu kuteketezwa, na ungetegemea vilio visivyo na mpangilio. Kumbe sura ya 1, 2 na 4 zimepangwa kwa herufi 22 za Kiebrania, kila aya na herufi yake. Sura ya 3 ina aya 66, tatu kwa kila herufi. Kisha inakuja sura ya 5: aya ni 22 vilevile, lakini mpangilio wa herufi haupo tena. Mtu amelia kwa utaratibu, kutoka herufi ya kwanza hadi ya mwisho, na mwishoni utaratibu wenyewe umemwishia. Hakuna mahali anapotueleza hivyo. Umbo ndilo linalosema.

Zaburi za maombolezo nazo zina mwendo wake: kumwita Mungu, kulalamika, kuomba jambo mahususi, kukumbuka alivyotenda zamani, kisha kuahidi kumsifu. Huo ni muundo uliojaribiwa karne kwa karne, na unaweza kuutumia kwa wimbo, kwa filamu fupi, hata kwa kupanga sura za kitabu. Angalia tu kwamba "kumsifu" kunakuja mwisho, tena mara nyingi ni ahadi: nitakusifu. Hajafika bado.

Lugha yetu nayo ina hazina yake. Utenzi una mishororo minne kwa ubeti, mizani minane kila mshororo. Mitatu ya kwanza hushiriki kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Ni umbo la kusimulia mambo marefu na mazito. Kile kina kinachorudi kinaweza kuwa jina la aliyeondoka, au neno moja la sala yako. Mtu asiyeweza kuandika sentensi tatu juu ya kifo cha baba yake anaweza kushangaa akiwa na beti arobaini, kwa sababu akili imeshughulika kuhesabu mizani na moyo ukapata nafasi ya kusema.

Kwa upande wa chombo, nafuata kanuni moja: angalia ulichonacho tayari. Ukiwa na sauti nyingi zilizorekodiwa kwenye simu, hiyo ni kazi ya kusikiliza. Ukiwa na picha na vitu, fikiria maonyesho. Daftari likijaa mabishano ya watu wawili, una mchezo wa kuigiza. Ukiona tukio moja tu linakurudia, labda ni wimbo au shairi na wala si kitabu. Wimbo hubeba dakika moja vizuri sana na huvunjika ukiupakia maisha yote. Kitabu kinataka mabadiliko ya muda mrefu.

Na anza na kitu unachoweza kukimaliza kwa mikono yako. Filamu ya saa mbili inayongoja mfadhili itakuweka kwenye mateso yako kwa miaka bila kukupa matokeo. Monolojia, yaani igizo la mtu mmoja anayesema peke yake, ya dakika kumi, iliyokamilika, itakufundisha zaidi.

5. Imani iwe ndani ya tukio, isiwe maelezo juu yake

Hii ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndipo kazi nyingi za Kikristo huharibikia.

Mwonyeshe mtu akiomba. Usitueleze umuhimu wa maombi. Kama uliomba ukiwa umepiga magoti bafuni na bomba likiwa wazi ili watoto wasisikie, tuwekee bomba hilo. Msomaji ataelewa mwenyewe. Mstari wa Biblia uuweke pale ulipokugonga, katika hali ile ulipokugonga, hata kama ulikugonga vibaya. Mistari inayowekwa mwanzoni mwa kila sura kwa ajili ya heshima husomwa na wachungaji tu. Wengine wote huiruka.

Kuna mtihani mmoja ninaoupenda. Soma rasimu yako na upige mstari kwenye kila sentensi ambayo Mkristo yeyote angeweza kuisema katika kanisa lolote juu ya shida yoyote. "Mungu ni mwema wakati wote." "Kila jambo lina kusudi." "Nikaona mkono wa Bwana." Kisha zifute zote. Palipobaki shimo, rudi kwenye daftari utafute kilichotokea kweli. Ulipoona mkono wa Bwana uliona nini? Jirani aliyeleta chakula siku tatu bila kuulizwa? Basi andika jirani.

Muujiza uandike jinsi ulivyouona. Kama ulitibiwa na pia uliombewa, viweke vyote viwili. Usifute daktari ili Mungu aonekane mkubwa zaidi, na usimshauri mtu yeyote aache dawa. Msomaji mgonjwa atakuamini kuliko unavyofikiri.

Usinyooshe ushuhuda wako kwa nguvu. Nirudi kwa Newton. Baada ya dhoruba ile ya 1748 hakuacha biashara ya watumwa; alikuwa nahodha wa meli hizo hadi 1754, na aliipinga hadharani kwa maandishi mwaka 1788. Toleo linalohubiriwa mara nyingi ni lile la mtu aliyegeuka usiku mmoja. La kweli ni la kutisha zaidi na linamwacha msikilizaji akijitazama. Kama baada ya kuokoka uliendelea kudanganya, au ulirudi kwenye pombe mara mbili, usiyaruke hayo kwa ajili ya kulinda sifa ya wokovu.

Kuhusu mwisho: si lazima uwe wa furaha. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na haijaondolewa katika Biblia ya mtu yeyote. Kama jambo lako halijaisha, malizia mahali ulipo. Mwisho wa kubandika hutambulika.

6. Watu wengine waliomo

Shida yako haikukupata ukiwa peke yako. Kuna mume wa zamani, mama mzazi, kiongozi wa kanisa, watoto. Wewe umechagua kusimulia. Wao hawajachagua.

Kubadilisha jina peke yake hakutoshi, maana ndugu wote wanajua mlikuwa na shangazi mmoja tu. Badilisha kazi yake, mahali, umri, au unganisha watu wawili kuwa mmoja, na useme mwanzoni kwamba umefanya hivyo. Yule unayeweza kumwomba ruhusa, mwombe, na mpe asome kurasa zinazomhusu yeye. Usimpe kitabu kizima akihariri. Watoto wadogo waandike kwa kufikiria siku watakapokuwa na miaka ishirini wakikisoma. Yale uliyoambiwa kwa siri, katika maombi ya pamoja au katika ushauri, si mali yako hata kidogo.

Kwa aliyekukosea, andika alichofanya na alichosema, si alichokuwa akikusudia moyoni. Hilo hukulinda kisheria, kwa kuwa kashfa ni kesi, na pia huboresha maandishi. Ukiwa na shaka, mwonyeshe mwanasheria kabla ya kuchapisha, wala si baada.

Tena una haki ya kuficha. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba alikuwa na mwiba katika mwili, kwamba alimsihi Bwana mara tatu uondoke, na anawaandikia jibu alilopewa. Mwiba wenyewe hakuutaja. Horatio Spafford, mwanasheria wa Marekani, alipoteza binti zake wanne meli ilipozama Atlantiki mwaka 1873. Wimbo wake wa kusema rohoni mwake ni salama ulichapwa mwaka 1876, na ndani yake hakuna meli iliyotajwa wala mtoto. Labda ndiyo sababu watu wenye misiba tofauti kabisa wameweza kuuimba. Usichanganye ukweli na kueleza kila kitu.

7. Kazi yenyewe

Hapa sina mengi. Panga saa maalumu, iwe fupi, na uwe na njia ya kutoka humo: zaburi moja kwa sauti, matembezi, kuosha vyombo, lolote linaloambia mwili kuwa umerudi leo. Sehemu nzito usiziandike usiku ukiwa peke yako. Maliza rasimu ya kwanza mbaya kabla ya kuisahihisha. Sala mwanzoni ni njema, ila haichukui nafasi ya kuandika upya.

8. Wasomaji watatu wa kwanza

Usianze na kundi la maombi. Watakupenda mno, watalia, na hawatakwambia ukweli. Tafuta watatu: mmoja aliyepitia jambo kama lako, mmoja anayejua ufundi wenyewe, yaani mwandishi, prodyuza au mwalimu wa kwaya, na mmoja asiye wa imani yako. Usiwaulize kama wameipenda. Waulize: Ni wapi uliacha kuniamini? Ni wapi ulihisi nahubiri? Ni wapi ulitaka kujua zaidi nami nikapita haraka? Mahali watu wawili wanapopataja pana tatizo, hata kama suluhisho wanalokupa halifai.

Mchungaji wako naye asome kama kazi inagusa mafundisho au kanisa lenyewe. Msikilize kuhusu mafundisho. Kuhusu mishororo, wewe ndiye fundi.

9. Haki, fedha, na siku ya kuitoa

Tafsiri za Biblia za kisasa zina wenyewe. Kunukuu aya chache kwa kutaja tafsiri kwa kawaida hakuna shida, lakini sura nzima ndani ya kitabu cha kuuza au wimbo huhitaji ruhusa. Nyimbo za kale za Kiingereza nyingi hazina tena mwenye haki, ila tafsiri yake ya Kiswahili au mpangilio wa muziki unaweza kuwa naye, kwa hiyo uliza kabla ya kurekodi. Na kila aliyeimba, aliyepiga gitaa au aliyechora jalada muandikiane, hata kama ni ndugu katika Kristo. Hasa kama ni ndugu katika Kristo.

Ukisema mapato yanakwenda kwa wajane au wagonjwa, taja yanakwenda wapi na uonyeshe hesabu. Kama yanakwenda kwenye kodi yako ya nyumba, sema unauza kitabu, basi. Si dhambi.

Kabla ya kuitoa, amua maswali ambayo hutajibu, na ujizoeze sentensi ya kuyakataa: "Hilo limebaki la familia." Utaulizwa tu. Usizindue siku ya kumbukumbu ya msiba wenyewe. Inaonekana ni wazo zuri hadi asubuhi yake. Watu watakuja na vilio vyao, wengine usiku, wengine katika hali ya hatari, wakidhani aliyeandika kuhusu jambo hilo anaweza kuwabeba. Andaa mapema orodha ya mahali pa kuwaelekeza: mshauri nasaha, namba ya dharura, mchungaji aliyekubali kupokea simu. Iweke pia ukurasa wa mwisho wa kitabu, au useme mwishoni mwa kipindi. Na atafutwe mtu mmoja wa karibu atakayesoma jumbe zako wiki ya kwanza kabla hazijakufikia.